MASTAA, SWALI LA MTU SIYO UBUYU!

Saa nne usiku, dada mmoja mwenye jina kubwa hapa mjini (jina kapuni) kafungua kisanduku cha maswali Insta. "Niulizeni chochote, leo nawajibu wote!" Kope ndefu, glasi mkononi, maswali yanamiminika. Wa kwanza anauliza wigi kanunua wapi. Wa pili anataka kujua kama kweli kamwagana na yule kigogo. Dada anajibu, anacheka, watu wanaenjoi.

Halafu linaingia swali lingine: "Dada, juzi nimelala na mtu bila kinga, leo naambiwa ana ngoma. Nifanyeje? Mama siwezi kumwambia."

Staa akaliweka hadharani na vijikatuni sita vya kucheka machozi. Chini yake akaandika: "Utamu ule peke yako, uchungu unatuletea sisi?" Kulipokucha, kurasa za umbea zilishalibeba. Kiki imetiki, wafuasi wameongezeka, maisha yanaendelea.

Ya nani yanaendelea? Tupige hesabu kidogo. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kwa mtu aliyekuwa kwenye hatari, wengi wanaziita PEP. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila zikiwahi ndiyo vizuri zaidi, kisha zinamezwa kwa siku 28. Binti kasema "juzi". Maana yake saa 48 zilikuwa zimeshakwenda au zinakaribia. Alichohitaji usiku ule ni sentensi moja tu: "Mdogo wangu, kukicha tu nenda kituo cha afya, uliza PEP, usichelewe." Sentensi hiyo ni fupi tu. Badala yake kapewa vijikatuni.

Sasa wapo wanaosema kosa ni la binti. Eti nani kamtuma kupeleka siri yake kwa staa? Wanaosema hivyo wajiulize angeipeleka wapi. Zamani palikuwa na bibi, palikuwa na somo, mtu unakaa mkekani unauliza mpaka unachoka. Leo bibi yuko mkoani. Mama anarudi saa tatu usiku kachoka na daladala, na ukimgusia mambo hayo anakujibu kwa swali: "Umeyajulia wapi haya?" Ukienda duka la dawa, muuzaji anakuuliza shida yako kwa sauti ya mnadani, na nyuma yako kwenye foleni kasimama mama wa jirani. Hapo nani atafungua mdomo?

Simu haikukodolei macho. Haikuiti malaya, wala haipigi simu kwa baba mdogo. Ndiyo maana watu wanapenda kuuliza mtandaoni, na hakuna ujinga hapo. Ni njaa ya jibu lisilo na matusi.

Na siyo jambo la jana. JamiiForums ilianza mwaka 2006, na miaka yote hiyo Watanzania wamekuwa wakimwaga mambo yao humo, kuanzia mapenzi mpaka magonjwa. Humo nako kuna kejeli, kuna waongo, kuna madaktari wa kujipachika. Lakini kuna kitu kimoja kizuri: mmoja akikujibu pumba, wa pili anamkatalia, wa tatu analeta uzoefu wake, wa nne anakwambia acha kusikiliza hao, nenda hospitali. Jibu linapigwa msasa na wengi. Kwenye kisanduku cha staa hakuna wa pili. Yeye ndiye anachagua swali, yeye ndiye anajibu, akikosea hakuna wa kumsahihisha mbele ya waliosoma.

Halafu kuna suala la jina. Desemba 2016, Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa mahakamani. Polisi walitaka taarifa za wachangiaji, zikakosekana. Aprili 2020 mahakama ikamtia hatiani kwenye moja ya kesi hizo. Mtu yuko tayari kuburuzwa mahakamani miaka kadhaa kwa ajili ya watu ambao pengine hajawahi hata kuwaona. Huyo anajua kwamba aliyekuuliza kakukabidhi amana.

Mlinganishe na mastaa wetu. Kisanduku cha Insta, kilichoanza mwaka 2018, hakimfichi mwuliza swali kwa mwenye akaunti. Wanaotazama hawaoni jina, lakini staa anaona, na timu inayoshika simu yake inaona pia. Mabinti wengi hawalijui hilo. Na yupo staa mwingine wa kike, huyu wa filamu, akikasirishwa anapiga skrinshoti za watu waliomfuata inboksi na kuzianika zikiwa na majina kamili. Anaita "kuwanyoosha". Anayenyooshwa kesho yake anaamkia shuleni.

Wanaokimbilia zile linki za maswali bila jina nao wasijidanganye. NGL ilipendwa sana na vijana. Julai 2024, FTC, mamlaka ya Marekani inayolinda walaji, ikatangaza kwamba kampuni hiyo italipa dola milioni 5. Kwa mujibu wa FTC, baadhi ya ujumbe watu walioupokea haukutoka kwa rafiki yeyote. Ulitengenezwa na kampuni yenyewe. Ukishapata kiwewe unaambiwa ulipie, mpaka dola 9.99 kwa wiki, ili umjue aliyekuandikia, na ukilipa unapewa vidokezo tu. Hofu ya mtu ikageuzwa bidhaa. Tofauti na staa wa saa nne usiku ni ndogo sana: mmoja anauza hofu ya kutengeneza, mwingine anauza hofu ya kweli.

Mashabiki wake watakuja juu: "Yule ni msanii, siyo daktari, anaburudisha tu!" Sawa. Basi aandike "niulizeni kuhusu wigi". Akiandika "chochote", chochote kitakuja. Hawezi kujiita dada wa taifa siku ya kutangaza krimu, halafu siku ya swali zito ageuke mchekeshaji. Watu wanaomwamini akiwaambia wanunue sabuni ndio haohao wanaomwamini akiwajibu kuhusu miili yao.

Na kutenda wema wala hakuhitaji shule kubwa. Kuna kijana mmoja wa singeli, hana hata robo ya wafuasi wa huyu dada. Akiletewa swali zito haliweki hadharani. Anamjibu mtu inboksi: "Hilo siliwezi, nenda hospitali leo." Mtoto akimwambia ananyanyaswa nyumbani, anampa 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto. Basi. Hakuna aliyempongeza, maana hakuna aliyeona.

Kwa hiyo mastaa, chagueni. Kama ni burudani, wekeni mipaka mapema watu wajue. Kama ni chochote, basi anayekuja na donda asiondoke na chumvi. Swali usiloliweza lifute kimyakimya au lielekeze kwa anayeliweza, maana kucheka siyo lazima.

Na mashabiki nao wana mkono wao hapa. Kila aliyeisambaza ile skrinshoti alimsaidia staa kucheka. Kati ya maelfu waliocheka usiku ule, hakukosekana anayeijua PEP. Angeandika maneno mawili tu pale chini, huenda binti angeyaona.

Saa zilikuwa zinakwenda.