Tusingoje samaki waelee ndipo tupime maji ya Tshangalele

Kuna watu Ulaya na Marekani wanaofuga matumbawe nyumbani, viumbe vidogo vya bahari vinavyojenga miamba. Kila wiki wanapima maji ya sanduku lao la kioo. Wanatafuta vitu viwili: kalisiamu, ambayo matumbawe hujengea mifupa, na alkaliniti, yaani nguvu ya maji ya kushindana na asidi. Vikipungua, wengi huongeza maji ya chokaa kidogo kidogo.

Sisi wa Likasi tunalo sanduku kubwa zaidi: ziwa Tshangalele, lililotokea mwaka 1930 mto Lufira ulipozibwa Mwadingusha ili kutoa umeme. Wavuvi wanaishi kwa ziwa hilo, na samaki wake tunakula na bukari mjini. Je, mnunuzi sokoni anaweza kusoma wapi hali ya maji hayo?

Swali hili si la bure. Mto Panda unapita Likasi, penye viwanda vinavyotumia asidi ya sulfuri kutoa shaba na kobalti katika mawe, kisha unaingia Lufira kabla ya ziwa. Mwaka 2010 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walichapisha kazi iliyoonyesha metali ndani ya samaki wa Lufira ya juu.

Ubaya wa asidi ni kwamba inakula kimya. Alkaliniti ikiwapo bado, maji yanaonekana mazima. Ikiisha, yanageuka kwa ghafla, na shaba iliyolala katika matope inaweza kuyeyuka tena. Anayengoja kuona samaki waliokufa amekwisha kuchelewa.

Dawa iko kwetu: mawe ya chokaa ya Kakontwe. Chokaa ikitiwa katika maji machafu yangali kiwandani, asidi inavunjika na shaba inashuka kama tope. Tope hilo lifungiwe, lisiachiwe mvua. Wenye viwanda watasema ni gharama. Ni kweli, lakini wasipoilipa wao, atailipa mvuvi.

Basi serikali ya jimbo ipime alkaliniti na shaba mahali patatu: Panda ikitoka mjini, Lufira ikiingia ziwani, na kwenye bwawa la Mwadingusha. Matokeo yabandikwe kila mwezi sokoni, pale samaki wanapouzwa. Mfuga matumbawe akikosea, anapoteza pambo la nyumba. Sisi tukikosea, tunapoteza chakula.