Vichwa vya Jodari Si Taka

Hapa Mombasa, kuanzia soko la samaki la Mji wa Kale hadi mitaa ya Tononoka, ukizungumzia kutengeneza protini kwa vichwa, miba na matumbo ya samaki hukosi mtu wa kukukatiza. Maneno ni yale yale, na yanastahili kujibiwa.

“Ni uchafu, unanuka.” Samaki mbichi hana uvundo. Uvundo huletwa na bakteria, nao hustawi kwa joto na ucheleweshaji. Matumbo yaliyotiwa barafu mara tu samaki anapopasuliwa ni malighafi. Yaliyoachwa juani hadi alasiri siyatetei.

“Watu hawali mabaki.” Na mchuzi wa kichwa cha changu je? Kule Kisumu, mbuta akishatolewa minofu ya kuuzwa ng’ambo, kichwa na mifupa yake huwa mgongo wazi, na kina mama wa mtaa wa Obunga wamelea watoto kwa kuukaanga na kuuuza.

“Ukichemsha sana, hata kilichoharibika kinafaa.” Hili ni la hatari. Jodari akikaa kwenye joto hujaa histamini, nayo haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kugandishwa. Mlaji huwiva uso, kichwa kikamgonga, moyo ukamwenda mbio. Kinga ni barafu, tangu chomboni.

“Lazima kiwanda cha mamilioni.” Unga wa samaki, ndiyo, huhitaji mtambo wa kupika, kukamua na kukausha. Lakini ipo njia ya pipa la plastiki. Mabaki husagwa, yakachanganywa na asidi ya fomiki, kama kilo 3 kwa kila kilo 100, hadi pH ishuke chini ya 4. Hapo bakteria waozeshao hushindwa, huku vimeng’enya vya matumbo yenyewe vikiyeyusha nyama. Kwa joto letu la Pwani, siku chache zatosha kupata uji wa kahawia, mkali puani lakini usio na uvundo, unaokaa miezi bila friji. Norwei hufanya hivi kwa mabaki ya samoni. Asiyetaka asidi hutumia molasi na bakteria wa kugandisha maziwa. Anayetumia asidi avae glavu na miwani, na asitumie pipa la chuma.

“Kuku wakilishwa uji huo, mayai yatanuka samaki.” Ukizidisha, yatanuka. Engua mafuta, punguza kipimo.

“Maskini watanyang’anywa kitoweo.” Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu tumeyaona Ziwa Victoria: sehemu kubwa ya omena huishia kwenye chakula cha mifugo huku watoto wakikosa protini. Kwa hiyo vichwa na migongo yenye nyama iende kwanza kwa mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga samaki na kuuza, na kwa wapishi wa nyumbani, na pipa lipewe matumbo na matamvua tu. Kikundi kitakachoanza kazi hii Tononoka kiandike sharti hilo kwenye katiba yake kabla ya kununua pipa la kwanza.