Afya na Michezo: Siku ya Kupumzika Si Siku Iliyopotea

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kupasha mwili moto kabla ya kucheza. Mwezi huu tunaongea juu ya kitu ambacho wengi hawapendi kukisikia, ni kupumzika. Yaani siku ambayo hukimbii, huchezi mpira, huruki kamba, na hujilaumu.

Tunaanza na kosa letu sisi wenyewe, maana mwalimu akificha kosa lake, wanafunzi watalirudia.

Kiangazi kilichopita tulikuwa tunatayarisha vijana kwa mbio kati ya zoni na zoni. Tulifanya mazoezi kila siku, Jumatatu mpaka Jumapili, wiki sita bila kukatisha. Kila jioni saa 10 tulipiga filimbi. Aliyekosa siku moja tulimwambia mbele ya wenzake: "Wewe ulilala, mwenzako alikimbia." Tulidhani tunawatia moyo.

Kulikuwa na binti mmoja wa miaka 16, mwepesi kuliko wote. Wiki ya nne akaanza kuchechemea. Tukimuuliza, anajibu: "Ni jiwe tu lilinichoma, mwalimu." Wiki ya sita akashindwa kabisa kukanyaga. Walipompiga picha hospitalini, kumbe mfupa wa mguu chini ya goti ulikuwa na ufa mdogo. Hakuanguka, hakupigwa. Mfupa ulichoka tu kwa kugongwa chini kila siku bila kupewa nafasi ya kujijenga. Akaambiwa asikimbie wiki 6 mpaka 8. Siku ya mashindano alikaa pembeni juu ya bidoni tupu, akiwashikia wenzake nguo.

Tulienda kwao kuomba msamaha. Mama yake hakutugombeza. Alituuliza swali moja tu: "Walimu wangu, huyu mtoto akitoka kwenu, mnafikiri anapumzikia wapi?" Kisha akatuhesabia. Alfajiri, bombani, bidoni mbili, anabeba moja na kurudia nyingine. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 juu ya kichwa. Halafu shule. Jioni, kwetu. Usiku kupika, kuosha vyombo, kumbeba mdogo wake mgongoni mpaka alale. Jumamosi, kuni. Sisi tulikuwa tunahesabu mbio peke yake. Mwili wake ulikuwa unahesabu vyote.

Kwa nini tunaogopa kupumzika?

Tuliwauliza vijana wetu. Binti huyo alisema: "Nikikaa siku moja, mwingine atachukua nafasi yangu." Kijana mwingine alisema neno ambalo hatukulitegemea: "Mwalimu, nikikimbia sikumbuki. Nikikaa, nakumbuka." Na sababu ya tatu ni yetu sote hapa kambini. Tunaona aibu kukaa. Watu wanasema wakimbizi wanakaa tu, na sisi wenyewe tumeanza kuamini hivyo. Tunangoja posho, tunangoja majina kwenye ubao, tunangoja kuitwa kwenye mahojiano, tunangoja amani Fizi na Uvira. Mazoezi ndiyo kitu ambacho hatungoji mtu atupe. Ndiyo maana siku moja bila mazoezi tunaiona kama kurudi kwenye foleni.

Lakini ndugu zetu, kungoja si kupumzika. Mtu anayengoja, mwili wake umekaa lakini moyo unakimbia. Mtu anayepumzika amechagua mwenyewe, na anajua kesho atafanya nini. Hivyo ni vitu viwili, tusivichanganye.

Mwili unafanya nini siku hiyo?

Ukifanya mazoezi magumu, nyuzi ndogo ndani ya misuli zinachanika kidogo. Hiyo si hatari, ni kawaida. Nguvu haiji wakati wa kukimbia. Inakuja baadaye, wakati mwili unapotengeneza zile nyuzi, hasa ukiwa usingizini. Ndiyo sababu maumivu ya zoezi jipya mara nyingi yanakuwa makali siku ya pili au ya tatu. Na ile akiba ya sukari iliyo ndani ya misuli, ukiimaliza inahitaji kama siku nzima na chakula cha kutosha ili ijae tena. Sasa fikiri mwisho wa mwezi, posho imeisha, mtu anakula mara moja kwa siku. Mwili utatengeneza kwa kitu gani? Fundi bila tofali hajengi.

Na wale wanaoogopa kupoteza pumzi, mtulie. Mtu mwenye mazoea ya kukimbia hapotezi kitu kwa siku moja wala mbili. Pumzi inaanza kupungua kidogo baada ya wiki mbili hivi za kukaa kabisa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea haraka. Pigeni hesabu. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha, na zinabaki siku mbili. Tena kutembea haraka kwenda bombani, kulima na kubeba kuni navyo vinahesabiwa. Mama wengi wa hapa wameshamaliza dakika zao kabla sisi walimu hatujaamka.

Ndugu zetu wa Kakuma

Vijana wanapenda kusikia habari za Rio, basi tuwakumbushe. Mwaka 2016, kwa mara ya kwanza, timu ya wakimbizi ilishiriki michezo ya Olimpiki. Wakimbiaji watano wa timu hiyo walikuwa Wasudani Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya, na walifanya mazoezi Ngong chini ya Tegla Loroupe. Rose Nathike Lokonyen, aliyebeba bendera ya timu, alipochaguliwa kule kambini alikuwa amekimbia bila viatu. Hao si wavivu. Huko Kenya kwenye wakimbiaji wakubwa, vikundi vingi havifanyi mazoezi Jumapili, na siku nyingine, baada ya mbio za asubuhi, mkimbiaji analala mchana. Kwao usingizi ni sehemu ya kazi. Sisi ndio tulikuwa tunauita uvivu.

Barua ya papa mmoja

Papa mmoja msomaji wetu ameandika kwamba ana presha, na kila asubuhi anatembea kama alivyoshauriwa. Mwezi huu alipata homa, lakini aliendelea kutembea akitetemeka, eti akiacha siku moja presha itapanda. Papa, tunakushukuru kwa barua. Kukosa siku chache hakuharibu kazi uliyoifanya miezi mingi. Ukiwa na homa usitembee mazoezi, nenda zahanati wakupime malaria. Ila angalia, kupumzika kutembea si kupumzika dawa. Vidonge vya presha meza kila siku kama ulivyoandikiwa, hata siku unayojisikia vizuri.

Tunafanyaje sasa?

Tangu siku ya yule mama, tumebadilisha ratiba. Jumatano hakuna filimbi. Kila mtu pia anapumzika siku yake ya ibada, awe wa Ijumaa, Jumamosi au Jumapili. Aliyeteka maji mara nyingi au kwenda kuni siku hiyo anatuambia, naye anafanya mazoezi mepesi, bila kuchekwa. Nafasi ya mtu kwenye timu haichukuliwi kwa sababu alipumzika. Hilo tumelitangaza mbele ya wote.

Wewe nyumbani, zijue dalili za mwili unaoomba siku:

- Maumivu ya mfupa mahali pamoja, ukigusa yanauma, na yanazidi ukikimbia.
- Usingizi hauji ingawa umechoka, au kila kitu kinakuudhi.
- Mapigo ya moyo yamepanda. Hesabu asubuhi kabla ya kuamka, dakika moja kwa saa au simu. Ukizoea 60 na leo ni 70 au zaidi, pumzika. Yakiendelea hivyo, nenda zahanati.
- Kwa wasichana, hedhi kusimama wakati unakula kidogo na kukimbia sana. Usifurahi wala usifiche. Mwambie mama, dada mkubwa au muuguzi.

Na wazazi, tunawaomba neno moja. Siku mtoto anapumzika mazoezi, msimwongezee bidoni ya tatu kwa kuwa "leo yupo". Kaka zake nao wana vichwa vya kubebea maji.

Kwa yule kijana anayekumbuka akikaa, hatukumwambia "sahau". Tulimwambia asipumzike peke yake. Jumatano anakuja kucheza bao na wazee chini ya mwembe, au anakaa na kwaya wakijifunza wimbo. Siku nyingine anatembea taratibu tu na rafiki. Na kama usiku hulali, picha zinarudi, au unakimbia mpaka unaumia ili tu usifikiri, tafadhali nenda uongee na washauri wa kambi. Si wazimu, wala si aibu. Mguu ukiuma tunaenda zahanati, na moyo vilevile una pa kwenda.

Binti wetu amepona. Alianza kwa kutembea, akaja kukimbia kidogo kidogo, sasa anatuacha tena nyuma wote. Jumatano iliyopita tulipita kwao tukamkuta mlangoni anamsuka mdogo wake. Akashtuka, akasimama na kitana mkononi: "Mwalimu, leo kuna mazoezi?" Tukamjibu: "Leo ni Jumatano. Kaa umalize kusuka." Mama yake alicheka ndani ya nyumba, akatuletea kigoda, na sisi tukakaa.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya maji ya kunywa wakati wa jua kali. Mwenye swali aandike, aweke kwenye sanduku la maoni pale shuleni.

Wenu, walimu wa kujitolea wa michezo.