Wembe Ni Ule Ule?

Mniwie radhi kwa kuwaletea habari za wembe badala ya mashairi ya mapenzi.

"Wembe ni ule ule!" Tukishinda mechi tunajigamba hivyo. Lakini bwenini Jumapili jioni, jamani, wembe huwa ni ule ule kweli. Kesho ni ukaguzi wa nywele. Wembe mmoja, vichwa sita. Wa kwanza anapakwa sabuni, ananyolewa, anatoka damu kidogo kisogoni, tunacheka, wa pili anaketi. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nasi twatia, bila kuuliza wembe umetoka wapi.

Nadhani tabia hii tumeirithi. Zamani hapa Ukambani wembe ulifuliwa na mhunzi. Kilikuwa kipande cha chuma cha kunolewa na kutunzwa miaka mingi. Jirani aliazima akarudisha. Nani angekitupa? Kisha mwaka wa 1903 Mmarekani King Gillette akaanza kuuza wembe mwembamba wenye makali pande mbili. Huu haunolewi: ukiwa butu, tupa, ununue mwingine. (Mjanja huyo!) Wembe wa namna hiyo ukafika hata katika maduka ya Kambu, lakini sisi bado twautunza kama chuma cha mhunzi. Kwetu huviringishwa katika karatasi yake na kuchomekwa juu ya mlango. Nyanya anakatia kucha, mama anafumulia mishono, mdogo wangu anachongea penseli, kisha baba anauliza uko wapi anyoe ndevu.

Tangu serikali itangaze Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, tumeonywa sana tusichangie wembe. Wenzangu hunijibu ati virusi hivyo hufa upesi nje ya mwili. Haya, na vya homa ya ini aina ya B je? Hivyo vyaweza kukaa siku 7 au zaidi vikiwa na nguvu ya kuambukiza. Kuusuuza wembe kwa maji ya karai ni kujidanganya.

Wembe ni rahisi kuliko kalamu, na kalamu kila mtu ana yake. Kwa hivyo, mwalimu wa zamu, kwa heshima nakuomba: kabla ya kukagua nywele, tuulize kila mmoja wembe wake uko wapi. Mimi wangu nimeuandika jina kwenye karatasi. Jumapili iliyopita rafiki yangu aliniomba nikamnyima, akaninunia mpaka Jumatano.