Tenga la Samaki na Jezi ya Madoa

Mwaka 2015, MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini ikawa timu ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kushiriki Tour de France. Mweritrea Daniel Teklehaimanot akavaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima. Julai 18, Siku ya Mandela, Mwingereza Steve Cummings akaishindia timu hatua ya Mende. Kisha jina likawa linafuata mfadhili: Dimension Data, NTT, NextHash. Mwishoni mwa 2021 fedha zikakauka, timu ikaanguka kutoka daraja la juu.

Wapo wanaosema hilo lathibitisha kwamba baiskeli si mchezo wetu. Sikubaliani nao. Qhubeka, yaani “songa mbele” kwa Kizulu, ni jina la shirika la hisani linalowagawia wanafunzi baiskeli, na timu ilikimbia ikilitangaza. Hoja hiyo haikuhitaji jezi ili iwe ya kweli.

Tazama Kilwa. Mchuuzi anayefunga tenga la samaki kwenye kerea na kuelekea vijiji vya bara hana mfadhili, na katika mipango ya barabara ni kama hayupo. Lami ya Kibiti–Lindi tumeijenga, kisha tukamwacha agombanie ukingo na mabasi. Mwanafunzi wa mbali naye hutembea. TANROADS waweke njia ya baiskeli katika kila kipande kinachojengwa upya, kuanzia Somanga, palipokatwa na mafuriko Mei 2024. Halmashauri za Kilwa na Lindi nazo zitenge, katika bajeti ijayo, fungu la baiskeli za wanafunzi.