Abiria na Mbwa Wake

Wana-Ubungo wenzetu hapa Marekani, wengi wetu riziki yetu iko kwenye usukani, teksi au Uber. Basi habari ya mbwa mwongozaji si ya wasioona peke yao. Ni yetu pia, na inaweza kutunyang'anya leseni.

Sisi tumekua tukijua mbwa wa getini na mbwa koko. Stendi ya Ubungo, kabla mabasi ya mikoani hayajahamia Mbezi Luis mwaka 2021, asiyeona aliongozwa na mtoto aliyeshika ncha ya fimbo, wakipenya katikati ya wapiga debe. Ndiyo maana mbwa akiingia garini tunaruka, na Waislamu wetu wanawaza kuosha mara saba.

Sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 haina habari na kuruka kwetu. Kwa kanuni zilizoanza kutumika Machi 2011, mnyama wa huduma ni mbwa tu, aliyefundishwa kazi inayohusiana na ulemavu wa mwenye naye. (Farasi kibeti ana kifungu chake, atakayempakia atuandikie.) Kizibao wala cheti si lazima. Kama ulemavu hauonekani, una maswali mawili: mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefundishwa kazi gani? Usiulize mtu anaumwa nini, wala usidai nauli ya ziada. Woga au mzio havikupi ruhusa ya kumwacha abiria. Mbwa mkorofi asiyedhibitiwa, huyo unaweza kumkataa.

Uwanja wa ndege wa Minneapolis, madereva wa teksi, wengi wao Wasomali, walikuwa wakikataa abiria wenye pombe, na wengine wenye mbwa. Mwaka 2007 mamlaka ya uwanja ikapitisha adhabu: kusimamishwa siku 30, ukirudia, leseni inafutwa kwa miaka miwili. Dini inaheshimiwa, lakini tandiko la plastiki na ndoo ya maji vinamaliza kazi jioni.

Nanyi mnaonunua vyeti mtandaoni ili mbwa wa sebuleni apande ndege, acheni. Tangu Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki kumtambua mbwa wa faraja, na ujanja huo unamfanya mwenye shida ya kweli atiliwe shaka.

Atakayemwacha abiria barabarani kwa sababu ya mbwa wake, asitupitishie bakuli la mchango wa faini.