Wakulima wa Marekani na Vita vya Maneno Juu ya Ethanoli

Tarehe 12 Aprili 2008, mjini Port-au-Prince katika nchi ya Haiti, askari mmoja Mnigeria wa kikosi cha Umoja wa Mataifa alivamiwa na watu akauawa. Siku hiyohiyo Baraza la Seneti la nchi hiyo lilimwondoa madarakani Waziri Mkuu Jacques-Édouard Alexis. Kiini cha machafuko hayo kilikuwa bei ya chakula. Mchele na maharage vilikuwa vimepanda bei kupita uwezo wa maskini, nao wakaingia barabarani. Mwezi huohuo palitokea ghasia Misri, katika mji wa viwanda wa Mahalla, na kila mahali waliotumwa kwenda kusimama mbele ya watu wenye njaa walikuwa ni askari na polisi, ambao nao nyumbani kwao walikuwa wakinunua chakula kwa bei ileile.

Mbali sana na huko, katika majimbo ya Iowa, Nebraska na Illinois nchini Marekani, wakulima wa mahindi walijikuta wamesimamishwa kizimbani mbele ya dunia nzima. Waliambiwa kwamba njaa hiyo ni kazi ya mikono yao, kwa kuwa mahindi yao yalikuwa yakigeuzwa kuwa ethanoli ya kuendeshea magari. Jean Ziegler, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya haki ya chakula, alikwisha kutamka tangu Oktoba 2007 kwamba kugeuza chakula kuwa mafuta ya magari ni jinai dhidi ya ubinadamu. Jinsi wakulima hao na wasemaji wao walivyolijibu shtaka hilo, na jinsi wanavyoendelea kulijibu hata leo, ndiyo kadhia tunayopenda kuizungumza na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi. Sisi ambao kazi yetu ni kulisemea jeshi mbele ya raia tumeifuatilia kwa makini, tena mara nyingine kwa huruma, maana twajua uzito wa kusimama na kujibu huku watu wamekwisha kuhukumu.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Ethanoli ni kileo kilekile kilichomo katika waragi, na hata utengenezaji wake hautofautiani sana na ule wa mitaani: mahindi husagwa, huchachushwa, kisha hukenekwa. Busheli moja ya mahindi, ambayo ni kilo 25 na ushei, hutoa ethanoli zaidi kidogo ya lita 10, na hubakiza machicha kiasi cha kilo 7 au 8 ya kulishia ng'ombe, nguruwe na kuku. Sheria ya Nishati ya mwaka 2005 iliwalazimisha wenye viwanda vya kusafisha mafuta kutumia nishati za mimea katika petroli yao. Sheria nyingine ya mwaka 2007 ilikuza kiasi hicho, na ndani yake ethanoli ya mahindi ikapewa nafasi isiyozidi galoni bilioni 15 kwa mwaka, sawa na lita bilioni 57 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2010, karibu asilimia 40 ya mahindi ya Marekani yalikuwa yakipitia katika viwanda vya ethanoli. Busheli iliyokuwa ikiuzwa kwa dola 2 hivi mwaka 2005 ilifika dola 7 katikati ya mwaka 2008, na katika ukame wa mwaka 2012 ikapita dola 8.

Msomaji azishike tarakimu hizo za bei, kwani tutazirudia.

Shambulio la mwaka 2008 halikuwa la bahati nasibu. Mwezi Mei mwaka huo gazeti la Roll Call la Washington lilifichua kwamba chama cha watengenezaji wa vyakula vya madukani kilikuwa kimekodi kampuni ya uhusiano iitwayo Glover Park Group, ili iendeshe kampeni ya kuitupia ethanoli lawama za kupanda kwa bei. Seneta Chuck Grassley wa Iowa, ambaye mwenyewe ni mkulima, alisimama katika Seneti akaulaani mpango huo. Kwa wasemaji wa wakulima hiyo ilikuwa kama kuokota ramani ya adui. Waliitumia ipasavyo, wakaonyesha kuwa nyuma ya machozi ya kuwalilia maskini walikuwamo watu wenye faida yao. Lakini hapo ndipo tunapoona kosa lao la kwanza. Walitumia muda mwingi mno kumfichua mshambuliaji, na muda mchache mno kulijibu swali lenyewe. Mtu mwenye njaa hajali ni nani aliyelipwa kuandika tangazo. Anataka kujua kwa nini bei imepanda.

Walipokuja kulijibu swali, majibu yao yalikuwa manne, nayo husikika hadi sasa. Walisema kwamba mahindi yao ni ya manjano, ya kulishia mifugo, wala si chakula cha watu. Walisema kwamba karibu theluthi moja ya uzito wa mahindi hayo hurudi kwa mifugo kama machicha, kwa hiyo ile asilimia 40 ni hesabu isiyokamilika. Walisema pia kwamba thamani ya mahindi yaliyomo katika boksi moja la konfleksi ni senti chache tu. Mwisho walisema kwamba mwenye hatia hasa ni mafuta ya petroli, ambayo katika Julai 2008 yalifika dola 147 kwa pipa moja.

Jibu la machicha ni la kweli, na wapinzani wao aghalabu hulinyamazia, jambo ambalo si uungwana. Jibu la petroli nalo lina ukweli mwingi, kwa sababu mbolea, trekta na malori vyote hula mafuta. Jibu la mahindi ya manjano, hata hivyo, halitutoshelezi. Mnamo Januari 2007 maelfu ya watu waliandamana katika jiji la Mexico kulalamikia bei ya tortilla, mikate ambayo hutengenezwa kwa mahindi meupe. Manjano yakipanda bei, wanunuzi wa chakula cha mifugo huyafuata meupe, na mashamba nayo hulimwa kile kinacholipa zaidi. Soko halina ukuta wa rangi.

Ama jibu la konfleksi, hilo ndilo lililotufikirisha kuliko yote. Huko Marekani ni jibu sahihi kabisa. Chakula chao hupitia kiwandani, kikafungwa, kikatangazwa, kikasafirishwa, na mahindi ndani yake huwa ni sehemu ndogo ya bei. Lakini mwanamke wa Port-au-Prince au wa Kampala hanunui boksi. Ananunua mahindi kwa debe, anayapeleka kwenye mashine, na anapika posho. Kwake yeye mahindi ndiyo chakula chenyewe, na bei ya mahindi ndiyo bei ya mlo. Wasemaji wa Iowa walikuwa wakizungumza na mama wa nyumbani wa Chicago, wakasahau kwamba dunia nzima imeketi dirishani inasikiliza. Katika kazi yetu hilo ni kosa la kawaida, nasi wenyewe tumelifanya zaidi ya mara moja: kutoa taarifa iliyopimwa kwa masikio ya kambini, kisha kushangaa inapowakera watu wa sokoni.

Vita vya tarakimu navyo havikuwasaidia. Waziri wa Kilimo wa Marekani wa wakati huo, Ed Schafer, alisema kwamba nishati za mimea zilichangia asilimia 2 au 3 tu ya kupanda kwa bei za chakula duniani. Mchumi wa Benki ya Dunia, Donald Mitchell, aliandika Julai 2008 kwamba nishati hizo, pamoja na mambo yaliyozifuatia kama vile kupungua kwa akiba za nafaka na ulanguzi, zilileta asilimia 70 hadi 75 ya ongezeko la bei za mazao ya chakula. Aprili 2009 Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba ndani ya nchi hiyo, kati ya Aprili 2007 na Aprili 2008, ethanoli ilihusika na asilimia 10 hadi 15 ya kupanda kwa bei za chakula. Tarakimu hizi hazipimi kitu kimoja, lakini kila upande ulichukua ile iliyoupendeza ukaipigia tarumbeta. Raia aliyesikia 3 na 75 katika juma moja aliona afadhali asimwamini yeyote.

Wakati huohuo ndipo wenye viwanda vya ethanoli walipomleta mwanajeshi. Chama kiitwacho Growth Energy, kilichoundwa mwaka 2008, kilimteua Februari 2009 Jenerali mstaafu Wesley Clark kuwa mmoja wa wenyeviti wake wawili. Huyu ndiye aliyekuwa amiri mkuu wa majeshi ya NATO barani Ulaya wakati wa vita vya Kosovo mwaka 1999. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: taifa linalotegemea mafuta ya kigeni hulazimika kupeleka vijana wake kuyalinda, basi heri mafuta yatoke Iowa. Hoja hiyo ilipenya kwa kuwa aliyeisema aliwahi kuongoza askari. Mwaka 2010, baada ya kisima cha BP kulipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua wafanyakazi 11, chama hicho kilibandika matangazo mjini Washington yakisema kwamba hakuna ufuko wa bahari uliofungwa kwa sababu ya kumwagika kwa ethanoli. Kwa maoni yetu lile lilikuwa tangazo bora kuliko yote waliyotoa. Lilikuwa fupi, la kweli, na lilitolewa kwa wakati wake.

Lakini hoja ya usalama ilikuwa na siku zake. Marekani yenyewe ilikuja kuchimba mafuta mengi, na mwaka 2020 ikauza nje mafuta na bidhaa zake kuliko ilivyonunua. Tangu hapo wasemaji wa wakulima wamebadilisha silaha. Mwaka 1978, walipopewa msamaha wa kodi ya petroli iliyochanganywa na ethanoli, walizungumzia mafuta ya Waarabu. Miaka ya 1990 walizungumzia hewa safi ya mijini. Baadaye wakazungumzia ajira za vijijini. Russia ilipoivamia Ukraine Februari 2022 na bei ya petroli kuruka, wakazungumzia unafuu wa dereva, na Aprili 12 mwaka huo Rais Joe Biden alikwenda Menlo, Iowa, kutangaza ruhusa ya dharura ya kuuza kiangazi petroli yenye ethanoli asilimia 15. Mwezi Februari mwaka huohuo wataalamu walikuwa wametoa utafiti uliosema kwamba ethanoli ya mahindi haina nafuu kuliko petroli katika kuharibu tabianchi, na huenda hata ikaizidi kwa asilimia 24. Wenye ethanoli waliupinga vikali, nao mabishano hayo hayajaisha.

Hoja moja haikubadilika wakati wowote, nayo ndiyo iliyosemwa kidogo kuliko zote mbele ya wageni: bei ya mahindi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hakuna aibu katika hilo. Mkulima aliyeuza busheli kwa dola 2 huku mbegu na mbolea zikimla, akapata mnunuzi mpya aliyeipandisha, ana haki ya kumtetea mnunuzi huyo. Katika mikutano yao ya vijijini husema hivyo waziwazi. Wafikapo Washington huvaa joho la usalama wa taifa, kesho la hewa safi, kesho kutwa la dereva maskini. Hata kama kila joho lina uzi wa kweli, msikilizaji anayeona mavazi yakibadilishwa mara kwa mara huanza kujiuliza kilichofichwa ndani.

Zaidi ya hayo, wakulima wenyewe si jeshi moja. Wafugaji wa ng'ombe, nguruwe na kuku hununua mahindi, na bei iliyomfurahisha jirani yao iliwaumiza wao. Mwaka 2012, ukame ulipokausha mashamba, wafugaji pamoja na magavana kadhaa waliiomba serikali isimamishe sharti la kuchanganya ethanoli. José Graziano da Silva, mkurugenzi mkuu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, naye alitoa wito kama huo Agosti ya mwaka huo. Maombi ya magavana yalikataliwa Novemba. Tangu siku hizo mtu anayesimama na kusema "sisi wakulima" juu ya ethanoli huwa amewaacha nje wengi waliovaa buti zilezile za matope.

Walipofanya vizuri ni pale walipomwacha mkulima aseme aliyoyaona kwa macho yake. Mwaka 2009 vyama vya wakulima wa mahindi vilibandika katika vituo vya treni vya Washington picha za familia za kweli zilizosimama katika mashamba yao, pamoja na maelezo ya mavuno na matumizi ya ardhi. Hakuna jenerali wala mchumi aliyeonekana hapo. Mbunge aliyepita asubuhi kwenda kazini alikutana na uso wa mtu.

Hapa kwetu Uganda Sheria ya Nishati za Mimea ya mwaka 2020 imeweka utaratibu wa kuchanganya nishati hizo na petroli. Kiwanda cha Kakira hukeneka ethanoli kutokana na molasi, ambayo ni masalia ya sukari wala si posho ya mtu, kwa hiyo hadi sasa mjadala umekuwa mtulivu. Iwapo kesho atatokea tajiri wa kutaka kukeneka mahindi ya Masindi au ya Kapchorwa, atakayesimama kuwasemea wakulima ataulizwa swali lilelile waliloulizwa watu wa Iowa mwaka 2008, na wenye kuuliza watakuwa wameshika debe mkononi.